Vishikio vya Baba

Wiki iliyopita mwanangu alibandika stika ya samaki kwenye mlango wa kabati, na mimi, kwa wingi wa kujua, nikachukua kikaushio cha nywele ili nilainishe gundi. Sikuwa nimefika hata nusu ya samaki nilipopigwa na harufu. Ilikuwa harufu ya gundi iliyopata moto, ya plastiki inayokaribia kuungua, na nyuma yake harufu ya unga mkavu, ambao najua haukuwepo. Nikakaa kitako sakafuni, kikaushio kikivuma mkononi. Mwanangu akaniuliza kama nalia. Nikamwambia nacheka, na kusema kweli nilikuwa nafanya yote mawili.

Harufu ile ni ya gereji ya Anko Ramesh, nyuma ya nyumba yake kule Queensbury, London, na ni harufu ya siku ambayo mama yangu alishinda. Nasema alishinda kwa sababu sijapata neno dogo zaidi, wala silitafuti.

Nyinyi wenzangu mliokulia London mnaijua baridi ya asubuhi zetu, ile inayokungoja mlangoni kama mtu unayemkwepa. Baba yangu alikuwa akiingia ndani ya baridi hiyo kila siku na pikipiki yake, akipeleka vifurushi. Alikuwa mtu wa Mombasa, mtu ambaye kwao baridi ni feni ikiwekwa kasi sana. Akirudi kazini, kabla hata ya kuvua koti, alivua glavu na kunishika mashavu kwa viganja vyote viwili, na viganja hivyo vilikuwa vya moto.

"Salamu za barabarani," alikuwa akisema.

Nilitakiwa nijibu, "Zimefika." Sikujibu hata siku moja. Nilikuwa naelewa kila neno la Kiswahili lililosemwa nyumbani mwetu, hata yale ambayo hayakunihusu, na hayo ndiyo niliyoyaelewa vizuri zaidi. Ila mdomo wangu ulijua Kiingereza tu. Basi nilisema asante yangu ya Kiingereza nikakimbia zangu. Mama alikuwa akinikaripia. Baba alimwambia aniache, litakuja lenyewe, kana kwamba neno lile ni basi lililochelewa.

Joto lile la viganja lilikuwa na asili yake, na asili hiyo mimi niliishuhudia kwa macho yangu. Mwanzoni mwa msimu wa baridi mmoja, baba alisimama na pikipiki mbele ya nyumba, akazungushia kitu cheusi kwenye ncha mbili za usukani, juu yake akavisha vishikio vipya vya mpira. Kisha akavishika, kishikio hiki kwa mkono wa kulia, kile kwa wa kushoto, akavibana kwa nguvu na kutulia. Alisimama hivyo muda mrefu sana kwa hesabu ya mtoto, macho ameyafumba, moshi wa pumzi ukimtoka puani. Nikamuuliza anafanya nini. Akanifanyia ishara ya kunyamaza, kwa kichwa, maana mikono hakutaka kuitoa. Alipomaliza akabonyeza swichi fulani, akanyoa ndevu zangu za kufikirika kwa vidole kama alivyopenda kunitania, akazungumza mawili matatu na jirani, halafu akaniita. "Shika."

Nikashika. Kulikuwa na moto ndani yake.

Sasa niambieni, mtoto afikirie nini? Mtu amekumbatia kitu kwa muda mrefu, amefumba macho kama anayesali, kisha kitu kimekuwa na joto. Kwangu mimi jambo lilikuwa wazi kama mchana: baba alikuwa amemimina joto la mwili wake ndani ya vile vishikio. Na kwa kuwa yeye alikuwa mtu wa Mombasa, alikuwa nalo la ziada. Sikuhitaji mtu anieleze.

Baba alifariki mwaka uliofuata, jua lilipoanza kurudi. Moyo ulisimama akiwa anafunga kamba za viatu. Sitaki kukaa hapo sana, kwa sababu siku hiyo ina mahali pake na leo nasimulia nyingine. Nitasema tu kwamba mama alikaa eda, nyumba ikajaa wanawake na kahawa tamu na minong'ono, na mimi nikawa nakwenda nje kwenye pikipiki iliyofunikwa turubai. Nilikuwa naingiza mikono chini ya turubai na kushika vishikio. Vilikuwa baridi. Sikuogopa. Niliamua kwamba joto limelala, na kitu kilicholala hakijafa.

Mama alipotoka eda, alifanya jambo lililowapa watu mazungumzo kutoka Harrow hadi Edgware Road. Alijifunza kuendesha pikipiki ya mumewe. Kazi yake ilikuwa kuzunguka nyumba za wazee asubuhi, kuwaogesha, kuwavisha na kuwapa chai, na alikuwa amechoka kusubiri mabasi mawili kati ya mzee na mzee. Wanawake wa msibani wakasema hivi na vile, kuhusu mjane na pikipiki na buibui litakalopeperuka. Mama akavaa suruali nzito chini ya buibui, akalifunga pindo kiunoni, akavaa kofia ngumu juu ya mtandio, akawaambia kwamba anayetaka kumpeleka kazini kwa gari milango iko wazi. Hakuna aliyejitokeza, na maneno yakapungua.

Siku aliyowasha pikipiki kwa mara ya kwanza nilisimama pale mlangoni. Akabonyeza ile swichi. Baada ya kitambo nikaomba nishike. Joto lilikuwa limeamka. Sikumwambia mtu yeyote, lakini tangu siku hiyo nilikuwa na furaha yangu ya siri: baba hakuwa ameondoka kabisa.

Furaha hiyo ilikuja na wasiwasi. Kitu kikimiminwa, kinaweza kumalizika. Swichi ilikuwa na ngazi, kutoka joto dogo hadi kubwa, na mimi kila asubuhi nilimsihi mama, kwa Kiingereza changu, atumie dogo. Alidhani naionea huruma betri, akajisifu kwa mashoga zake kwamba ana mtoto mwenye akili ya kubana matumizi. Kumbe mwenzake namlinda baba asiishe. Naye alikuwa na haja kubwa ya joto lile, kwa sababu vidole vyake vilikuwa na maradhi ya kufa ganzi. Baridi kidogo tu, vinageuka rangi ya majivu na kukataa kufunga hata kifungo. Na kazi yake ilikuwa kugusa miili ya wazee. Alikuwapo bibi mmoja Harrow, Mwingereza mwembamba, aliyemwambia kwamba kati ya wote waliowahi kumwogesha, ni yeye peke yake asiyemshtua kwa mikono ya barafu. Mama aliliweka neno hilo moyoni kama nishani.

Basi msimu wa majani kuanguka ukafika. Asubuhi moja mama alikata kona taratibu, gurudumu likakanyaga majani yaliyolowa, pikipiki ikalala chini, naye juu yake. Yeye hakuumia zaidi ya goti. Usukani ulipinda ndani kama pembe ya ng'ombe. Akaisukuma hadi kwa Anko Ramesh, jirani yetu wa nyumba ya nyuma, na ilipofika mchana, nilipotoka shule, ndipo nilipokwenda kumkuta huko.

Anko Ramesh alikuwa Mhindi wa Kisumu. Alikuwa amekaa London tangu ujana, amestaafu ufundi, lakini gereji yake haikustaafu. Kulikuwa na harufu ya oili na ya udi aliowasha asubuhi kwenye picha zake za ibada. Na mama, aliyekuwa akibanwa na Kiingereza siku nzima, akiingia humo alikuwa anapumua, kwa sababu Anko Ramesh alizungumza naye Kiswahili, cha Kihindi cha Kisumu, lakini Kiswahili.

Nilipoingia alikuwa anampa taarifa. Usukani haunyooshwi, ukinyooshwa utavunjika siku nyingine barabarani, kwa hiyo anao mwingine unaofaa na atauweka. Kuhusu vishikio, hivyo vya kutupa. Chini ya mpira kuna utando wa kupasha joto, umegandishwa kwa gundi kwenye chuma, mwembamba kuliko karatasi, na ndani yake mna nyaya nyembamba zaidi. Ukiuvuta unachanika, na ukichanika mahali padogo tu, wote umekufa. Yeye amejaribu mara nyingi kwa wateja na ameshindwa mara nyingi. Ataagiza vipya, vitafika kabla ya wiki kwisha, vizuri kuliko hivi. Mama akasema sawa. Alisema sawa kama mtu anayekubali kununua viatu vipya.

Anko Ramesh akachukua kisu ili achane mpira.

Sijui neno lilitoka wapi. Najua tu kwamba Kiingereza changu chote kilinikimbia, nikabaki na kile kingine.

"Usikate. Baba yumo."

Walinigeukia wote wawili. Kwanza nadhani waliishangaa sauti, maana hakuna kati yao aliyewahi kunisikia nikisema Kiswahili. Kisha maneno yenyewe yakawafikia. Mama akaniita, Salma, akaniuliza polepole nina maana gani, nami nikaeleza, kwa Kiswahili kilichovunjikavunjika na Kiingereza cha kuzibia mapengo: jinsi alivyosimama, alivyofumba macho, alivyomimina joto lake, na jinsi ambavyo nimekuwa nikimwomba mama atumie dogo ili lisimalizike. Nilipofika hapo pa kutumia dogo, mama alikaa juu ya kreti la soda lililopinduliwa. Alikuwa anaweza kunieleza habari ya umeme. Maneno alikuwa nayo, na fundi alikuwa amesimama pale pale. Alinitazama, akatazama usukani, akajifuta uso kwa ncha ya mtandio.

"Ramesh bhai," akasema, akimwita kaka kwa Kihindi, "weka kisu chini. Huo utando utatoka mzima."

"Mama Salma, hiyo kitu iko nyembamba sana. Mimi fundi naogopa."

"Nyembamba kuliko manda?"

Hapo lazima nisimame kidogo kwa ajili ya wale wasiokulia jikoni kwetu. Manda ni karatasi za sambusa. Mama alikuwa akizitengeneza kila Ramadhani, na nje ya Ramadhani pia kwa harusi za watu. Unapaka madonge ya unga mafuta, unanyunyiza unga mkavu, unayabebanisha, unayasukuma pamoja yawe chapati moja pana, unaipasha kidogo kwenye chuma cha chapati. Kazi yenyewe inakuja baadaye: kuzibandua, karatasi moja moja, zikiwa bado za moto, kila moja inaonyesha mwanga ukiiinua. Zikipoa zinashikana, na ukiwa na pupa zinachanika. Mama alikuwa hachani. Watu walileta madonge yao kwake kutoka mitaa mingine. Na nyumbani kwetu kulikuwa na sheria moja ya jikoni: anayebandua manda hasemeshwi, hata nyumba ikiungua.

Anko Ramesh alikuwa anazijua sambusa za mama kwa ulimi, ila hakuwa amewahi kuona manda zikibanduliwa. Akatikisa kichwa, akasema haya, tujaribu, lakini mpira autoe yeye. Akapuliza dawa ya nywele ya mkewe chini ya kingo za mpira, akausokota huku na huku, ukateleza ukatoka. Utando ukaonekana. Ulikuwa mweusi wa kung'aa, na ndani yake mistari myembamba rangi ya shaba, inakwenda na kurudi. Nikasogea karibu. Nikafungua kiganja changu nikalinganisha. Mistari ya kiganja cha baba, nikajisemea, imebaki hapa hapa alipobana. Kama nilikuwa na shaka hata chembe, ilikwisha.

Kisha mama akafanya kosa ambalo fundi yeyote asingelifanya na mpika sambusa yeyote angelifanya. Mkono wake ulizoea kwamba vitu vyembamba havishikani pakiwa na mafuta. Kopo la mafuta lilikuwa pale mezani. Anko Ramesh alipogeuka alikuta ameshaupaka utando wa kushoto, kingo zote, kwa ncha ya kidole, taratibu kabisa, na bismillahi juu yake.

Alijishika kichwa. Akaeleza kwamba mafuta yatausaidia kutoka, ndiyo, lakini ukishatoka hautashika tena popote, gundi na mafuta hawakai nyumba moja. Mama akalisukuma kopo la mafuta mbali. Nikaona vidole vyake vinaanza kugeuka majivu, kwa sababu mlango wa gereji ulikuwa wazi na jioni ilikuwa inaingia. Kushoto ndiko moyo uliko, nikawaza, na sasa kushoto kumeharibika.

"Moja baada ya moja," mama akasema. "Nipeni moto."

Kikaushio cha nywele kikaletwa kutoka chumbani kwa mke wa Anko Ramesh. Anko akakishika, mama akaonyesha kwa kidevu wapi apulize, na harufu ile ikapanda kwa mara ya kwanza. Upepo wa moto ukampasha na mama vidole. Akaanza na utando wa kulia. Alitafuta pembe iliyolegea kwa mgongo wa ukucha. Hakuivuta juu. Aliilaza, akairudisha nyuma juu yake yenyewe, karibu kabisa na chuma, na kila ilipokataa aliiacha, akahamia pembe nyingine, akarudi. Anko Ramesh alifungua mdomo kutoa ushauri. Nikamwambia anayebandua hasemeshwi. Akaufunga, na mkewe aliyekuwa mlangoni akacheka bila sauti.

Ukatoka mzima. Mama aliuinua kwenye taa, kama anavyoinua manda, tukatazama wote: mistari yote ilikuwa pale, hakuna uliokatika. Wa kushoto ukatoka kwa urahisi zaidi, mafuta yakiusaidia, kama Anko alivyosema. Na kama alivyosema, ulipowekwa kwenye usukani mpya pamoja na gundi, uliteleza ukaanguka juu ya meza.

Mama akaomba unga.

Anko Ramesh alidhani amesikia vibaya. Mama akarudia: unga wa chapati, kiganja kimoja. Manda ikizidi mafuta, alieleza, huifuti, utaichana, unainyunyizia unga unywe mafuta, kisha unapuliza. Mke wa Anko akaja na kikombe cha unga kutoka jikoni kwake. Mama akaunyunyiza kidogo kidogo, akangoja, akaupeperusha kwa pumzi, akanyunyiza tena, mpaka unga ukabaki mkavu juu ya utando bila kuganda. Anko akamalizia kwa kitambaa chenye spiriti, akiupangusa bila kuukandamiza. Akatingisha kichwa akasema miaka yote aliyofanya ufundi, Kisumu na London, ni mara ya kwanza anaona unga wa chapati unatengeneza pikipiki. Lakini safari hii hakusema kwa kutilia shaka. Alisema kama mtu anayejifunza, na mara nyingine baadaye nilimsikia akimweleza fundi mwenzake kwa simu.

Gundi ikapakwa, tando zikazungushwa, mpira ukapashwa moto ukavishwa juu. Anko akaunganisha nyaya, kisha akasema sasa kunatakiwa mikono miwili ya kubana vishikio bila kuachia, mpaka gundi ishike.

Mama akashika kulia. Akanitazama.

Nilikuwa na viganja vidogo, ikabidi nitumie vyote viwili kwa kishikio kimoja. Nikabana kushoto kwa nguvu zangu zote. Nikafumba macho, kwa sababu ndivyo inavyofanywa. Nilisikia pumzi ya mama upande wa pili na baridi ya mlangoni miguuni, na nikaanza kusukuma joto langu kutoka tumboni, kupitia mabegani, hadi humo ndani. Nilikuwa na hakika linakwenda. Vidole vikauma, sikuachia. Hakuna aliyenisemesha.

"Basi," akasema Anko Ramesh. Akawasha, akabonyeza swichi.

Tukagusa. Baridi. Akasema ngojeni, mpira ni mzito, joto linatoka ndani. Tukangoja. Mke wa Anko aliweka mkono begani kwangu. Mama alikuwa ameubandika upande wa kiganja chake kwenye kishikio cha kushoto, kile cha mafuta, kile cha unga, na nikauona uso wake ukibadilika kabla mimi sijahisi kitu. Kisha nami nikahisi. Lilikuja dogo, halafu likajaa. Lilikuwa lile lile.

"Limekuja," mama akasema.

Anko Ramesh alipiga honi. Aliipiga tena na tena, mzee mzima, mpaka mbwa wa jirani wakaanza kubweka na mtu akafungua dirisha kuuliza kuna nini. Akamjibu kwa Kiingereza kwamba hakuna kitu, ni pikipiki imepona.

Shuleni baadaye nilifundishwa jinsi waya mwembamba unavyogeuza umeme kuwa joto. Nilipata alama nzuri, na sikuona popote katika somo lile palipopinga niliyokuwa nayajua. Mama alivitumia vishikio hivyo misimu mingi, kwenye ngazi kubwa kabisa ya swichi, kwa sababu nilimruhusu. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: sasa tumo watatu, hatuwezi kumalizika.

Lakini ninayoikumbuka zaidi ni kesho yake. Mama alitoka alfajiri kwa wazee wake, mimi nikabaki kwa mke wa Anko nikila uji. Niliisikia pikipiki kutoka mwanzo wa mtaa. Nikatoka mbio hadi mlangoni. Alishuka, na kabla ya kuvua kofia, kabla ya kuuliza kama nimekula, akavua glavu. Hakuwahi kulifanya hilo maishani mwake, lilikuwa la baba peke yake. Akainama akanishika mashavu kwa viganja vyote viwili, na viganja hivyo vilikuwa vya moto.

"Salamu za barabarani," akasema.

"Zimefika," nikamjibu.